Moyo Unaouliza: Washairi wa Uzbekistani na Swali la Kuwako



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona geni katika ukurasa huu, nalo ni mashairi ya watu wa nchi ya mbali, nchi ya Uzbekistani. Nawaomba mniwie radhi na mnisikilize mpaka mwisho. Sikuliingia jambo hili kwa kutaka kuonyesha elimu. Nimeliingia kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu, na naamini kwamba katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili yumo kijana kama yeye.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia mzee mmoja, tukaketi barazani. Akatoa mfukoni mwa kanzu yake daftari la skuli lililokunjwa, akanipa, akasema: "Maalim, yasome haya, kisha uniambie kama mwanangu yumo bado katika Uislamu." Nikalifungua, nikasoma. Yalikuwa mashairi aliyoyatunga mtoto wake wa kiume mwenye umri wa miaka 17, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Vina havikutimia wala mizani haikunyooka, lakini maneno yake yalikuwa mazito. Alikuwa akiuliza: Kwa nini mtu huzaliwa, ikiwa mwisho wake ni kufukiwa? Kwa nini mama huitwa, naye hajamaliza kulea? Na mimi niliyebaki, nimebakia kwa kazi gani?

Yule mzee akasema: "Namlisha, namvisha, ada yake nailipa, simnyimi kitu. Haya ameyatoa wapi? Nataka umwite umtubishe mbele ya wenziwe, ili na wengine wapate kuonyeka." Nikamwomba anipe siku tatu. Hakupendezwa, lakini alinistahi, akakubali.

Nitakwambieni kwa nini nilitaka siku tatu. Miaka mingi nyuma, nilipokuwa bado mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja mdogo aliniuliza swali la namna hiyo hiyo chuoni, siku chache baada ya maziko ya nduguye. Nami nilimkemea. Nikamwambia anyamaze na aombe maghufira, maana hayo ni maneno ya shetani. Mtoto akanyamaza. Akaendelea kuja chuoni kila siku, akahitimu Msahafu, akaondoka kwa heshima. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena swali lo lote, wala la udhu wala la sala. Nilidhani kwamba nimeulinda moyo wake, kumbe niliufunga mlango, na mimi nikabaki nje.

Basi katika siku tatu zile nilizikumbuka khabari za washairi wa Uzbekistani. Khabari hizo sikuzipata kwa elimu yangu, kwani lugha yao siijui. Nilizipata kwa kijana mwengine niliyemsomesha zamani, aliyekwenda ng'ambo kusoma, na kila arudipo hukaa nami akanifasiria yale aliyoyasoma. Nilipozisikia mara ya kwanza nilizichukua kama hadithi za watu wa mbali. Safari hii niliziona kuwa zinatuhusu sisi.

Kwanza nawataka msiidhani Uzbekistani kuwa ni nchi tusiyoijua. Sote twaijua, ila hatujui kwamba twaijua. Kila tunaposema kwamba hadithi fulani ameipokea Bukhari, twautaja mji wa Bukhara uliomo katika nchi hiyo. Humo ndimo alimozaliwa Imam Muhammad bin Ismail al-Bukhari mwaka 194 wa Hijra, yaani mwaka 810, na kaburi lake liko karibu na Samarkand, mji mwengine wa nchi hiyo hiyo. Na tunapomtaja Imam Tirmidhi, twautaja mji wa Termez, ulioko kusini ya nchi hiyo. Basi watu hao si wageni wetu. Katika ardhi yao walitoka walimu waliotuhifadhia maneno ya Mtume wetu (S.A.W.).

Lakini watu hao walifikwa na mtihani mkubwa. Warusi waliuteka mji wa Tashkent mwaka 1865. Mwaka 1920 utawala wa Amiri wa Bukhara ukaangushwa, na mwaka 1924 ikaundwa Jamhuri ya Uzbekistani chini ya dola ya Kisovieti, dola iliyowafundisha watu kwamba hakuna Mungu. Katika miaka ya 1920 na ya 1930 misikiti na madrasa zilifungwa kwa wingi, na wanavyuoni wengi wakakamatwa. Maandishi nayo yakabadilishwa: watu waliokuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu walihamishiwa katika herufi za Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha mwaka 1940 wakapewa herufi za Kirusi. Fikirini, ndugu zangu: mtoto hulifungua sanduku la babu yake, akakuta vitabu na barua, asiweze kusoma hata jina la babu yake. Sisi watu wa pwani twayajua machungu haya kidogo, maana katika nyumba zetu zimo nyaraka za wazee zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na vijana wetu wengi huzitazama kama michoro tu.

Dola hiyo ilikuwa na jawabu la kila swali. Mtu ni nani? Ni mfanya kazi. Yuko duniani kwa nini? Kwa kuijenga dola. Anakwenda wapi? Udongoni, basi. Wakubwa wake walidhani kwamba jawabu hilo likikaririwa skuli, gazetini na viwandani, mioyo itatosheka na haitauliza tena. Na hapa ndipo penye ibra ninayotaka muishike: mioyo haikuacha kuuliza. Mimbari ziliponyamazishwa, swali likakimbilia katika mashairi.

Wa kwanza nitakayemtaja ni Abdulhamid, mtoto wa Sulaymon, aliyezaliwa katika mji wa Andijon mwaka 1897, na aliyejulikana kwa jina lake la ushairi, Cho'lpon, maana yake nyota ya alfajiri. Alisoma madrasa, akasoma na skuli ya Kirusi pia. Kitabu chake cha mashairi cha mwaka 1922 alikiita Uyg'onish, yaani Kuamka. Katika shairi lake mashuhuri liitwalo Ko'ngil, yaani Moyo, mshairi huusemesha moyo wake mwenyewe, akaulaumu kwa kuizoea minyororo, na kuutaka ukumbuke kwamba mtu hakuumbwa awe mtumwa wa watu. Wanaoijua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate wataitambua namna hii mara moja, maana yeye naye huusemesha moyo wake na kuuonya usighurike na dunia. Mmoja aliuonya moyo usizoee raha, na mwengine aliuonya usizoee minyororo. Lakini wote wawili walijua kwamba mtu asiyeuhoji moyo wake huishi kama aliyelala.

Cho'lpon aliandika pia riwaya aliyoiita Kecha va kunduz, yaani Usiku na Mchana, na alikusudia iwe vitabu viwili. Kitabu cha kwanza, Usiku, kilipigwa chapa mwaka 1936. Mwaka 1937 akakamatwa, na tarehe 4 Oktoba 1938 akauawa kwa risasi mjini Tashkent. Siku hiyo hiyo aliuawa Abdurauf Fitrat, mwanachuoni na mshairi aliyesoma madrasa ya Mir Arab huko Bukhara, na Abdulla Qodiriy, mtunzi wa riwaya. Kitabu cha pili, Mchana, hakikuonekana mpaka leo. Wasomaji wake walibakia na Usiku tu mikononi mwao. Hata hivyo maneno yake hayakufa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 vitabu vyake vilianza kusomwa tena hadharani.

Katika mwaka huo huo wa 1937 alikamatwa kijana mwengine, Usmon Nosir, aliyezaliwa Namangan mwaka 1912. Alipelekwa Siberia katika kambi ya wafungwa, akafa huko mwaka 1944, hajatimiza miaka 32. Naye ana shairi mashuhuri liitwalo Yurak, na neno hilo pia maana yake ni moyo. Tazameni basi: watu wawili, wote walikuwa mikononi mwa dola iliyosema kwamba mtu ni mwili na kazi tu, na wote wawili walipotaka kusema lililo kubwa waliuita moyo.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili, na mauti yakaingia katika kila nyumba. Treni zilileta Tashkent mayatima wengi waliokimbizwa kutoka sehemu zilizopigwa na vita, watoto wa kila kabila na dini. Jamaa wengi wa mji huo, katika njaa ile ya vita, waliwachukua watoto hao wakawalea pamoja na wao. Mhunzi mmoja na mkewe walilea zaidi ya watoto kumi. Mwaka 1942 mshairi G'afur G'ulom, ambaye mwenyewe alikulia katika uyatima, alitunga shairi mashuhuri liitwalo Wewe Si Yatima. G'afur G'ulom alikuwa mshairi wa dola ile, aliisifu na alipewa tuzo zake, na hilo silifichi. Lakini shairi lile linalijibu swali la mtoto anayeuliza: mimi ni wa nani? Nalo linajibu kama dini yetu ilivyotufundisha, kwamba aliyefiwa na wazazi ni wetu sote. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa yatima, na Sura Wadh-dhuha imemkumbusha hayo, kisha ikamkataza kumwonea yatima.

Nataka khasa mama zetu wasikilize khabari ya Zulfiya. Huyu alikuwa mwanamke wa Tashkent, aliyezaliwa mwaka 1915, baba yake fundi wa kuyeyusha chuma. Aliolewa na mshairi Hamid Olimjon. Mwaka 1944 mumewe akafa katika ajali ya gari, na Zulfiya akabakia mjane mwenye watoto, naye ana umri wa miaka 29. Hakuolewa tena, akaishi mpaka mwaka 1996. Katika muda huo wote wa miaka 52 hakuacha kumtaja mumewe katika mashairi yake. Katika moja lililo mashuhuri, majira ya maua yanarudi baada ya baridi, nayo yanamtafuta marehemu na kumwulizia kwa mjane wake. Mjane hana la kuyajibu, maana maua yamerudi na mume hakurudi. Lakini mama huyu hakukaa akalia tu. Alilea watoto wake, na kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa gazeti la wanawake. Huzuni haikumzuia kufanya kazi, wala kazi haikumfanya aone haya kwa huzuni yake.

Baada ya vita kikaja kizazi cha pili. Erkin Vohidov alizaliwa Fergana mwaka 1936. Baba yake alirejea vitani na majeraha akafa, mama yake naye akafa baada ya muda mchache, na mtoto akalelewa Tashkent na mjomba wake. Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima alitunga kasida juu ya mtu, akistaajabia kiumbe huyu mdogo aliyebeba mambo makubwa. Alitunga pia utenzi mrefu juu ya Nazrul Islam, mshairi Mwislamu wa Bengali, ambaye mwaka 1942 maradhi yalimwondolea usemi, akaishi kimya mpaka mwaka 1976. Katika utenzi huo Vohidov anatafakari juu ya umri, na mauti, na lile linalobakia baada ya mtu.

Mwenziwe ni Abdulla Oripov, aliyezaliwa katika kijiji cha Qashqadaryo mwaka 1941. Ana shairi alilolitunga baada ya kuusikiliza wimbo wa zamani wa kwao uitwao Munojot, neno ambalo nasi twalijua katika Kiarabu, maana yake ni kumnong'onea Mola. Mshairi anaistaajabia huzuni ya karne nyingi iliyomo katika sauti ile. Kisha katika miaka ya 1970, wakati ambapo maskulini mtoto alifundishwa kwamba hakuna akhera, Oripov aliandika mchezo wa kishairi ulioitwa Jannatga yo'l, yaani Njia ya Peponi. Ndani yake kijana aliyekufa anafikishwa kwenye mizani ya matendo. Fikirini hilo! Vitabu vya dola vilisema hakuna hesabu, na mshairi akaiweka mizani mbele ya macho ya watu. Uzbekistani ilipata uhuru mwaka 1991. Mwaka uliofuata maneno ya wimbo wa taifa yalikuwa yake, na katika mwaka huo huo wa 1992 alitoa mashairi yake yaitwayo Daftari la Hija.

Wa mwisho ni Rauf Parfi, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 2005. Huyu ndiye aliye karibu zaidi na kijana wetu wa daftari. Mashairi yake mengi ni mafupi, na ndani yake umo upweke, umo usiku, kimo kimya cha mtu aliyekaa na nafsi yake asipate wa kumjibu. Wako waliomwona kuwa ni mshairi wa huzuni tupu. Lakini kitabu chake cha mwaka 1986 alikiita Sabr daraxti. Neno "sabr" halihitaji tafsiri kwa msomaji wa gazeti hili, na "daraxti" maana yake ni mti: Mti wa Subira. Mtu aliyekata tamaa kabisa hangempa mwanawe wa maandishi jina kama hilo. Mti hauoti kwa siku moja, na subira hali kadhalika.

Sasa huenda mzazi akasema: "Maalim, wewe unawasifu watu ambao wengine waliisifu dola isiyomwamini Mungu, na wengine waliandika mashaka." Nasema: kweli. Sikuwaleta hapa kuwa maimamu wetu. Sura Ash-Shuaraa imewalaumu washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha ikawatoa katika lawama hiyo walioamini na wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Kwa hivyo shairi husomwa kwa akili, likachukuliwa lililo zuri na likaachwa lililo baya. Nimewaleta kwa ajili ya ushahidi mmoja tu. Dola ilikuwa na askari, na magereza, na skuli, na magazeti, ikataka kuling'oa swali hili katika nyoyo za watu kwa muda wa miaka 70, nayo haikuweza. Kwa nini haikuweza? Kwa sababu swali hili halikuletwa na washairi, wala halikuletwa na shetani. Limo katika maumbile ya mtu. Mwenyezi Mungu hakutuumba kwa mchezo, na moyo alioutia ndani yetu hauridhiki kuambiwa kwamba umeumbwa kwa mchezo. Moyo unapouliza "Niko kwa nini?" huwa unamtafuta aliyeuumba, hata kama mwenyewe haujui kwamba ndiye unayemtafuta.

Basi ikiwa dola ile yote haikuweza kulinyamazisha, baba na mwalimu wataliweza kwa kemeo? Wataliweza kulifukuza tu litoke nyumbani, likatafute majibu mahali pengine.

Na tukikirudia Kitabu chetu, hatuoni ndani yake kwamba waulizaji walipigwa. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe anavyohuisha wafu, akaeleza kwamba ameamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukemewa, alionyeshwa. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na alipolaumiwa na watoto wake alisema kwamba mashaka yake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Bibi Maryam uchungu ulipomshika chini ya mtende alitamani angekufa kabla ya siku ile, na jawabu lake halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim macho yake yalitoka machozi, akabainisha kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Na Masahaba walipomweleza kwamba hupitiwa na mawazo ambayo huona ni makubwa mno kuyatamka, aliwaambia kwamba kuyaona hivyo ndiyo imani iliyo wazi.

Tofauti iko hapa, na vijana naomba muishike. Kuuliza si kukanusha. Mwenye kuuliza uso wake umeelekea mlangoni, na mwenye kukanusha ameupa mgongo. Aliye na swali na aende nalo kwenye sala, aliseme katika sijida kwa lugha yake, amwulize mwenye elimu, na asikae nalo peke yake usiku baada ya usiku. Washairi wale wengi wao walilibeba peke yao kwa sababu walifungiwa misikiti na walimu wao waliuawa. Wewe misikiti yako iko wazi.

Siku ya tatu sikumwita yule kijana chuoni. Nilimwendea nyumbani kwao. Akaja, akanipa shikamoo, akainamisha kichwa kama anayengojea fimbo. Nikamwambia: "Mwanangu, nimelisoma daftari lako bila ya idhini yako, nakutaka radhi." Akainua macho, akaniuliza: "Hukukasirika, Maalim?" Nikamwambia sikukasirika, na nikamsimulia khabari ya Zulfiya na khabari ya mtu aliyeuita mti wake subira. Kisha nikamwuliza jambo ambalo wazazi wengi huogopa kuliuliza: kama hufikiria kujidhuru. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema kwamba ziko siku anapolala hutamani asiamke.

Nikamshukuru kwa kuniambia kweli. Nikamwita baba yake, tukakaa watatu. Tulikubaliana kwamba kijana asiachwe peke yake siku hizo, na kwamba asubuhi apelekwe kwa daktari, maana Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na moyo nao huugua kama mwili unavyougua. Dua na dawa hazigombani.

Kisha nikamwuliza yule mzee: "Mara ya mwisho mlimzungumza lini marehemu humu ndani?" Akafikiri. Akasema: "Tangu khitma ya arubaini, Maalim, sijalitaja jina lake. Niliona nikilitaja nitamtonesha mtoto." Na kijana akasema: "Mimi nilidhani, baba, umeshamsahau." Yule mzee alijifunika uso kwa kofia yake, nami nikatoka nje kidogo, nikawaacha.

Ndugu zangu wazazi, haya ndiyo niliyotaka kuwaambia. Watoto wetu hawahitaji tuwe na jawabu la kila kitu. Wanahitaji wajue kwamba swali lao halitawatoa katika nyumba. Usiku mmoja katika juma, baada ya chakula, tuzimeni simu na runinga, tukae na wanetu, tuwataje waliotutangulia kwa majina yao, tuwaombee, na tumwache mtoto aulize. Tukilijua jawabu tuseme, na tusipolijua tuseme Allahu aalam, kisha twende pamoja tukamwulize anayejua. Na mkiona mtoto amejitenga, halali au halali kwa wakati, hali, na husema maneno ya kuikinai dunia, msingoje. Zungumzeni naye, na mpelekeni kwa daktari.

Kijana yule sasa huja kwangu kila Alkhamisi baada ya Alasiri, na daktari anaendelea kumwona. Daftari lake analo. Juzi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake, nikamwambia sijui, akacheka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awatie nuru makaburini mwao, azitulize nyoyo za wana wetu kwa kumkumbuka Yeye, na atupe sisi wazazi na walimu masikio ya kuwasikiliza. Amin.

Wa billahi tawfiq.